Vijiko Viwili vya Hewa

Tone la mwisho la mafuta ya taa liliingia kwenye tundu la kioo, likasambaa, na povu dogo lililokuwa limenaswa chini yake likatoweka. Barat Ali akaiinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akasoma alama.

"Tisa," alisema.

"Tisa nini?" aliuliza mkewe Zewar, aliyekuwa mlangoni na birika la chai ya kijani.

"Vijiko viwili vya chai, kasoro tone."

Zewar alimwekea kikombe mbali na mafuta, upande wa mkono wake wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia wa Barat hutetemeka kidogo anapochoka na hapendi watu waone. Kisha akachukua ncha ya mtandio wake, akaifuta vumbi picha iliyokuwa rafuni. Picha ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa Barat, nayo ilikuwa imesimama bila kioo. Kioo chake ndicho kilichokuwa mezani, kimetobolewa tundu katikati na kulazwa juu ya pistoni, ili ajue bonde lake linameza mafuta kiasi gani. Zewar hakuuliza kitarudi lini. Sindano nayo aliileta binti yao Gulsum kutoka hospitalini, mpya ndani ya karatasi yake, siku aliyomkuta baba yake akipima kwa kijiko cha sukari.

Mezani kulikuwa na seti mbili za pistoni, sita kwa sita. Za seti ya kwanza zilikuwa na vichwa bapa kama sarafu. Za seti ya pili zilikuwa zimebonyea katikati kama visahani vya kulishia kuku. Haji Lawang, muuza vipuri wa upande wa pili wa mji, ndiye aliyezileta zote mpaka kwenye kizuizi cha walinzi mlangoni mwa mtaa, akamkabidhi mkwe wa Barat, amezifunga kwa vitambaa vya mkate pamoja na mfuko wa aprikoti kavu, ili walinzi wanaopekua wapate cha kutafuna. Alisema Barat achague, zinazobaki zirudi.

Tofauti ya seti hizo mbili ilikuwa ndiyo hiyo tu, vijiko viwili vya hewa. Kwa pistoni bapa, hewa yote inayoingia kwenye silinda hubanwa mara kumi, na gari huruka mara tu mguu unapogusa pedali. Kwa zile zenye bonde, hubanwa mara nane na nusu. Gari huwa zito mwanzoni, hungoja mpaka turbo ipate pumzi, ndipo linaposukuma. Lakini petroli ikiwa mbaya, kubanwa sana huifanya iripuke kabla ya wakati wake, na injini ikaanza kugonga, mlio kama changarawe ndani ya kopo. Ukiusikia mlio huo, ujue pistoni zimekwisha kuanza kuliwa.

Injini ilikuwa ya Mark Two nyeupe ya mkwewe Zaman, mume wa Gulsum. Ndilo gari lililompeleka Gulsum kazini kila asubuhi na kumrudisha alasiri. Gulsum ni mkunga, na akina mama hawachagui siku ya kuzaa.

Mtaa wa Mari Abad una mlima nyuma na kizuizi mbele. Katika ile miaka ya mazishi mengi, watu wa mtaa huo waliviziwa barabarani na kupigwa risasi; waliotoka asubuhi kwa basi au kwa teksi hawakurudi wote, na kaka yake Barat alikuwa mmoja wao. Siku hizi kumetulia, wanasema. Hata hivyo kila mtu wa Mari Abad alijua kwamba gari linalokwenda linakwenda, na gari linalosimama linatazamwa. Pistoni ya sita ilipovunjika mwezi uliopita, gari lilisimama hatua chache tu kutoka kizuizini, na walinzi wakatoka kulisukuma kwa mikono. Lingesimama mbele zaidi, nani angelisukuma?

Barat mwenyewe hakuwa amevuka kile kizuizi kwa miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyemkataza. Mara tatu au nne alivaa koti, akashuka hadi kwenye chuma kile cha rangi nyekundu na nyeupe, akasalimiana na walinzi, akageuka. Mguu wenyewe ulikataa. Magari ya mbio ya nusu ya mji yalipita mikononi mwake, na madereva walimsimulia jinsi yalivyopanda mlima wa Bolan, naye alisikiliza akitikisa kichwa, kama mpishi aliyefunga saumu.

Alikuwa amekwisha kata shauri. Mji wao uko juu na hewa yake ni nyembamba, jambo ambalo huipunguzia injini mzigo. Na Zaman hununua petroli safi ya ile pampu karibu na reli, si ya makopo ya barabarani. Kwa hewa ile na petroli ile, mara kumi inavumilika. Binti yake angepata gari linaloruka. Akampigia simu Haji Lawang kumwambia aje achukue zenye bonde.

Haji Lawang na Barat hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu miaka hiyo hiyo, ijapokuwa kati ya maduka yao ni mwendo wa sigara mbili. Kila mwaka Haji humwambia aje kula pilau, na kila mwaka Barat humjibu kwamba nyama yake ni ngumu. Safari hii pia walianza kwa matusi yao ya kawaida. Haji aliuliza kama yale makengeza yamepona au bado anasoma sindano mbili kwa mpigo. Barat akamwambia auze vipuri, udaktari awaachie wenye akili.

"Bapa kwa petroli gani?" Haji aliuliza mwishowe.

"Ya pampu ya kwenye reli."

Barat alidhani simu imekatika, akaitazama.

"Fundi," Haji alisema, na sauti yake ilikuwa imeacha mzaha, "pale siku hizi wanauza makochi. Ile pampu ilifungwa, mwaka wa nne huu."

Barat alicheka, akingoja naye acheke. Haji hakucheka. Akasema polepole kwamba mji mzima sasa hunywa petroli ya makopo inayovushwa mpakani, leo nzuri, kesho imechanganywa na kitu gani Mungu ndiye ajuaye. Barat akashukuru, akaaga vizuri, akaiweka simu mezani.

Alifungua droo, akaitoa pistoni ya sita iliyovunjika. Ukingo wake ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama sabuni iliyotafunwa na panya. Alikuwa ameviona vishimo hivyo tangu siku ya kwanza, akavipa sababu ya uzee, na mguu mzito wa mkwewe. Sasa aliviona tena.

Zaman alipoingia kunawa mikono, Barat hakumpigia kelele. Alimwuliza tu petroli anaitoa wapi. Kijana wa watu alisimama na maji yakimchuruzika viwikoni.

"Ya makopo, Baba."

"Na kila nilipokuuliza ulisema ya pampu."

"Ulikuwa ukiuliza kwa furaha," Zaman alisema. "Ulikuwa ukisema, bado yupo yule mzee anayefuta vioo bila kuombwa? Mama akasema tusikuhuzunishe."

Barat akamtazama Zewar. Zewar alikuwa akikunja vile vitambaa vya mkate vya Haji, pembe kwa pembe, kana kwamba vingeharibika vikikunjwa vibaya. Hakukana. Alisema kwamba mambo ya nje yalikuwa yakibadilika moja moja, na kila moja lilipobadilika walidhani watamwambia kesho. Duka la mkate limehama. Mkuyu wa kituo cha basi umekatwa. Yule mzee wa pampu alifariki. Kesho zikawa nyingi.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Miaka yote hiyo alikuwa akitengeneza magari ya kwenda kwenye mji ambao haupo.

Gulsum aliporudi alasiri kwa gari la kuazima, Barat alimkalisha kwenye kiti cha gereji kabla hajavua hata viatu, akamwomba amsimulie barabara. Si habari za hospitali, barabara. Kutoka kizuizini hadi lango la hospitali, asiruke kitu. Gulsum alimtazama mama yake, Zewar akatikisa kichwa kukubali, basi akasimulia. Matuta tisa, alisema. Zamani yalikuwa mawili. Baada ya tuta la tatu kuna kona yenye ukuta mrefu wa waosha sufu, hapana duka, hapana mtu, na hapo Zaman hupenda kwenda haraka. Kwenye makochi kuna foleni kidogo. Baada ya hapo ni wazi mpaka hospitalini.

Barat alichora matuta kwa chaki sakafuni, kila moja mahali pake. Kila tuta ni kupunguza mwendo na kuanza upya. Pistoni bapa zingeruka kutoka kila tuta. Zile zenye bonde zingelegea kila mara, sekunde mbili za uzito kabla turbo haijashika, na mara moja kati ya hizo tisa ingekuwa pale pale penye ukuta mrefu. Ila kwa petroli ya makopo, zile bapa zingeweza kumfikisha mwezi mzima salama, kisha siku moja kugonga na kupasuka palepale. Kila njia aliyoishika ilimrudisha ukutani.

"Mwanangu," alisema, "ukiwa njiani, unaogopa nini zaidi? Gari kuchelewa kuondoka, au kusimama?"

Gulsum aliinama kuvua viatu. Alikuwa amesimama miguuni tangu alfajiri, na vidole vilikuwa vimevimba.

"Kuchelewa nimezoea, Baba. Hata watoto huchelewa, nami hukaa nikawangoja." Akaviweka viatu sambamba. "Kusimama ndiko nisikokuweza."

Barat akaanza kuzifunga zile bapa kwenye vitambaa vya mkate.

Kazi ya kuziingiza zenye bonde ilichukua siku sita. Alizipima uzito moja moja kwa mizani ya dhahabu aliyoazima kwa sonara jirani, akazisugua mpaka zote zikalingana. Alipitisha kidole ndani ya kila silinda akiwa amefumba macho. Ringi alizipaka mafuta kwa ncha ya kidole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Haji Lawang alizipokea zake kizuizini kwa Zaman. Alipiga simu kusema tu kwamba kijana wa duka la makochi ana chai nzuri, na kwamba daktari amemwambia atembee asubuhi. Basi atakuwa pale kila siku saa moja na robo. Akiliona gari jeupe limepita, atambipu. Barat asipokee, asije akamlia pesa yake bure.

"Huna daktari wewe," Barat alimwambia.

"Ninaye. Mkali kweli."

Asubuhi ya kwanza Barat alishuka na koti lake hadi kizuizini. Gulsum alikuwa kiti cha nyuma, na mkate wa mama yake mapajani. Mlinzi aliinua kile chuma, akampa Barat nafasi ya kusimama pembeni yake, wala hakumwuliza kama anavuka. Gari likatoka, likapanda tuta la kwanza, likashuka. Zaman akakanyaga mafuta.

Moja, Barat alihesabu. Mbili. Gari lilikuwa zito, kama mtu anayeinuka na mzigo. Kisha pumzi ya turbo ikaja, ndefu na safi, bila changarawe yoyote, na gari likaondoka.

Akasimama hapo mpaka tuta la pili. Moja, mbili, na ile pumzi ikaja tena, kwa mbali. La tatu lilikuwa nyuma ya kona.

Alirudi gereji. Aliigeuza pistoni ya zamani, ile iliyoliwa ukingo, akaweka simu juu yake. Zewar alileta chai, akaiweka upande wa kushoto, akakaa. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na nne, dakika moja kabla ya bipu ya Haji. Barat akachukua sindano, akaichovya kwenye kopo la mafuta ya taa, akaanza kuvuta, taratibu, bila kuziangalia alama.