Waya wa Chumba cha Nyuma

Kwa wiki tatu Ondiek hakutambua kwamba intaneti ya mkewe ilikatika kila alipofunga mlango wa chumba chake cha kusomea. Angeliona kosa hilo kwa mtu mwingine, angelicheka. Chuoni aliwafundisha wanafunzi wa uzamili namna ya kutafuta chanzo cha tukio, na aliwakanya wasimtaje mhusika kabla ya kuandika hali zote zilizokuwapo. Nyumbani kwake Kapsoya, mtaa wa Eldoret, alianza na mhusika. Naye alikuwa Kiptoo, fundi wa mitandao.

Intaneti iliingia nyumbani kupitia chumba hicho cha Ondiek. Kuta za mawe zilizuia mawimbi yasifike chumba cha nyuma, ambako mkewe Amondi alifanya kazi ya kutafsiri. Ndipo Kiptoo akaletwa kutandaza waya wa buluu kutoka kwenye ruta, ukipita pembeni mwa mlango upande wa bawaba, hadi kwenye kompyuta ya Amondi. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa siku zote.

Akiwa bado na nyundo mkononi, Kiptoo alisema kwao ni Soy, nje ya Eldoret. Amondi akamjibu kwa Kikalenjin. Yeye pia alikulia Soy, ambako marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ondiek, aliyehamia Eldoret kutoka Siaya akiwa mtu mzima, hakujua lugha hiyo zaidi ya salamu. Alikaa mezani akisikiliza kicheko cha mkewe, kicheko cha tumboni ambacho hakukumbuka mara ya mwisho kukisababisha, kisha akainuka, akafunga mlango.

Tangu hapo alifunga mara nyingi. Amondi akicheka kwenye simu, mlango. Akimpigia fundi kumweleza kwamba laini imekatika tena, mlango. Kiptoo alirudi mara mbili, akafunguliwa chumba, akapima, akakuta waya mzima. Ondiek akafikia hitimisho lake: fundi aliacha kasoro makusudi ili apate sababu ya kurudi. Alilichunga hitimisho hilo kama mtu anayechunga jino bovu kwa ulimi.

Amondi alikuwa na mahojiano ya video Alhamisi saa nne asubuhi, kwa kazi ya uhariri aliyoitamani kwa miaka. Mahojiano ya kwanza yalikatika katikati ya sentensi yake. Shirika lilimpa nafasi nyingine, likamweleza kwa adabu kwamba ya tatu haitakuwapo.

Jumatano alasiri Kiptoo alikuja kwa mara ya mwisho. Alichomeka kipande kimoja cha kifaa chake cha kupimia kwenye ncha ya waya mezani kwa Ondiek, akashukuru, akatoka. Ondiek akafunga mlango nyuma yake papo hapo.

Hatua zikaja polepole ukumbini kutoka chumba cha nyuma, zikasimama nje ya mlango. Fundi akanong'ona jambo kwa Kikalenjin. Amondi akacheka, akajizuia.

Ondiek alifungua. "Fundi, utakuja hapa mara ngapi?"

"Leo inaisha, mwalimu."

"Ulisema hivyo juzi. Ukiitengeneza vizuri utakosa pa kuongelea, ama?"

Kiptoo aliinama kutazama kipande cha pili cha kifaa mkononi mwake, kilichochomekwa kwenye ncha nyingine ya waya aliyoivuta toka chumba cha nyuma. Amondi ndiye aliyejibu.

"Kwa hivyo ndiyo hiyo imekuwa ikikukaa rohoni?"

"Nauliza tu. Mnanong'ona nini mlangoni pangu?"

"Anasema waya unabanwa na mlango wako. Anaona aibu kumkosoa mwenye nyumba mbele ya bibi yake, kwa hivyo ameniomba nikuambie akishaenda."

"Na kicheko?"

"Ameniuliza kama huu mlango hufungwa sana. Nimemwambia tumeishi hapa miaka sita na sikujua una kitasa."

Kiptoo alikohoa, akamsogezea kifaa. "Mwalimu, shika. Funga mwenyewe, uangalie taa ya nne, ya uzi wa nne ndani ya waya."

Ondiek akatoka hadi ukumbini, akauvuta mlango. Taa ya nne ikazimika. Akafungua, ikawaka. Alirudia mara tatu, kama alivyowaagiza wanafunzi wake, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Karibu na bawaba, ganda la buluu lilikuwa limesagika.

"Ni mimi," alisema.

"Ni pale nilipopitishia waya tu, mwalimu," Kiptoo alisema. "Mimi nilipaswa kutoboa ukuta."

"Hapana. Ni mimi." Akamgeukia mkewe. "Niliona wivu, Amondi. Nilikuwa nafunga ili nisiwasikie."

Amondi hakucheka. "Ungeniambia, ningekutafsiria," alisema. "Ningekutafsiria hata upuuzi wote. Kesho nina yale mahojiano; yangekatika tena kwa sababu ya mlango wako, ungeniambia nini?"

Ondiek alishikilia ngazi Kiptoo alipotoboa ukuta karibu na dari na kupitisha waya mpya.

Mahojiano ya Alhamisi hayakukatika, na Amondi akaajiriwa mwezi uliofuata. Wivu wa Ondiek haukuisha. Lakini sasa ukimjia, humwambia mkewe siku hiyo hiyo.