Bareti ya André

Vita vilipofika Kabalo na wakimbizi wakajaa katika shule za Kamina, kompyuta ya ofisi ya kanisa ilianza kugoma. Kila Mama Clotilde, mpiga chapa wa ofisi, alipofungua faili la majina ya familia zilizofika, mashine iliganda. Ndipo kanisa likamtuma mume wake André, mkuu wa treni za mizigo, anunue Lubumbashi bareti ya kumbukumbu: kipande chembamba, urefu wa kitana, kinachoipa kompyuta nafasi ya kufanyia kazi. André alikwama kule akingoja treni, akamkabidhi mwenzake aliyepata lori kifurushi akilete Kamina.

Asubuhi hiyo Mwalimu Nicodème, aliyejifunza kompyuta kwa kuifungua na kuifunga, aliipachika bareti mpya kando ya ile ya zamani. Jenereta likawashwa. Kompyuta ilihesabu nafasi yote, ya zamani na mpya, bila upungufu. Lakini penye mwendo ikaandika 66.

"Kwa bareti baliandika mia," alisema Papa Abner, mkuu wa ofisi. "Hii sitini na sita inatoka wapi?"

Akamgeukia Clotilde.

"Mama Clotilde, bwana yako alinunua ya bei ya chini, akabandika karatasi ya mia juu. Saa ya foni ikifika, nitamuuliza."

Foni ilikuwa redio ya kanisa, na saa ya foni kila misheni, kutoka Kabongo hadi Kabondo-Dianda, ilitega sikio. Swali moja la Abner, na kabla ya jua kuzama André angekuwa mwizi reli nzima. Lililomuuma Clotilde zaidi ni kwamba alishindwa kumtetea. Reli haikuwa imelipa mtu tangu vita vianze. Mume wake alikuwa mwema, ndiyo, lakini njaa huwafanyisha watu wema mabaya.

"Tungoje kidogo, Papa," Nicodème alisema kwa sauti yake ya chini. "Minyi sijue kama iko wizi. Sijue pia kama haiko. Tutoe ile ya zamani, tubakishe mupya peke yake."

"Mazutu ya jenereta inaisha," Abner alisema.

"Itatosha kwa kuwasha mara moja."

Clotilde nusura aseme waache. Shaka angeweza kuishi nayo. Jibu, hakuwa na hakika. Nicodème alizima, akagusa chuma cha sanduku la kompyuta kwanza kama alivyozoea, ili umeme wa mwilini usiunguze bareti, akachomoa bareti ya zamani na kuiweka juu ya kitambaa. Akawasha.

"Soma weye, mama."

Clotilde aliinama. Akasoma, akasoma tena, kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Mia," alisema.

Abner alivaa miwani, akahakikisha. "Sasa juu ya nini zikiwa pamoja inasema sitini na sita?"

"Ile ya zamani haiwezi kwenda mia," Nicodème alisema taratibu, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Basi kompyuta inapanga mwendo moja kwa zote mbili, ule wa yenye iko polepole. Kama sivyo, zitakosana."

"Iko sawa na treni," Clotilde alisema. "Wago moja mubovu njo inapanga mwendo ya treni yote. André anaisema kila siku."

Abner alicheka hadi miwani ikamteleza. "Na minyi nilitaka kuita mukubwa ya treni mwizi juu ya wago."

"Tuache mupya peke yake?" Nicodème aliuliza.

Clotilde alifikiria familia zilizokuwa zikiongezeka kila siku. "Rudisha ya zamani, Mwalimu. Mwendo haukutusumbua. Nafasi njo ilikosa."

Zikarudishwa zote mbili. Faili la majina likafunguka polepole, likashuka ukurasa baada ya ukurasa, bila kuganda.

Saa ya foni, Abner alishika kipaza sauti mwenyewe. "André, bareti ilifika. Iko ya mia kabisa. Kanisa inakushukuru." Akakisogeza karibu na mdomo, akijua misheni zote zinasikiliza. "Nasema tena: bareti iko ya mia kabisa. À vous," akamaliza, akimpa zamu ya kusema.

Mkwaruzo, kisha sauti ya André ikaja kwa mbali. "Papa Abner, mara mbili juu ya nini? Kuko mambo? À vous."

Abner alimtazama Clotilde, akamsogezea kipaza sauti.

"Hakuna mambo," Clotilde alisema, na sauti yake ikawa nyepesi. "Rudi tu nyumbani. À vous."