Bendera ya Gari la Waziri

Binti yangu ana miaka mitatu na ananiita mjomba. Mama yake ni mwalimu mji wa mbali, mimi naendesha gari la waziri huku, na tunaonana mara mbili kwa mwaka. Mtoto kaona mwanamume anakuja na pipi kisha anaondoka, akajumlisha mwenyewe. Barua yangu ya uhamisho ilikuwa mfukoni tangu Januari, imebaki sahihi moja tu, ya mheshimiwa. Kila nikimkumbusha ananijibu, "Kesho, dereva."

Siku hiyo alikuwa anazindua choo cha shule, na hotuba imeingia saa ya pili. Nilikuwa garini nasikiliza redio. Taarifa ya habari ya saa saba ikasema uteuzi wa waziri wetu umetenguliwa, kuanzia wakati huo huo. Kwetu mawaziri hufukuzwa redioni, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Nikashuka. Nimeendesha mawaziri saba, mikono yangu haihitaji kuambiwa: nikavua bendera kwenye boneti, nikaikunja vizuri, nikaifungia garini. Kisha nikachomoa barua na kutimua mbio kuelekea jukwaani. Barua ina nafasi ya tarehe. Nafasi ya saa haina.

Nyuma ya jukwaa nilikuta foleni. Katibu muhtasari, mpishi, mlinzi, hata mwalimu mkuu mwenyeji wetu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Tuliangaliana kama watoto waliokutana jikoni wakidokoa nyama. Simu ya mheshimiwa alikuwa nayo katibu muhtasari, ameizima ili bosi asisumbuliwe.

Hotuba ilipoisha tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

"Jamani, kumbe mnanipenda hivi?" akauliza, macho yamemlowa.

"Sana, mheshimiwa!"

Akaketi, akaanza kusaini. Mpishi akapata likizo, mlinzi akapanda cheo, mwalimu mkuu akapata madarasa mawili. Katibu muhtasari akajipatia mafunzo ng'ambo, miezi sita. Mimi nilikuwa wa mwisho, maana kwenye foleni ya serikali dereva hukaa nyuma hata kama yeye ndiye aliyewaleta wote.

"Dereva wangu! Haya, leo ndiyo kesho."

Kalamu iligusa karatasi. Kisha akainua macho kulitazama gari lake, kama alivyopenda kulitazama.

"Bendera iko wapi?"

Nilijua nimejimaliza mwenyewe. Alitutazama mmoja mmoja, wote tukatazama viatu vyetu, naye akaelewa.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa saba, mheshimiwa."

Akafunika kalamu. "Basi hii siwezi kusaini. Nitakuwa navunja sheria."

"Na zile nyingine?"

"Zile nilisaini nikiwa sijui."

Miaka minne nimemwendesha, sikuwahi kumwona akijali sheria hata ya taa nyekundu. Siku alipoamua kuanza, akaanzia kwangu. Nilitamani kumwacha palepale atembee kwa miguu, lakini nikamfungulia mlango kama kawaida.

Njiani simu yangu ikaita. Nikaegesha pembeni.

"Amesaini?" mke wangu akauliza. Nikamjibu amekataa. "Basi ongea na mtoto, amekungoja tangu asubuhi."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Unakuja lini?"

Kwenye kioo nilimwona mheshimiwa amegeukia dirishani, anajifanya hasikii.

"Kesho," nikamwambia.