Risasi za Pazia kwenye Pindo la Fietje

Nyumba ile ya watoto, kwenye matuta ya mchanga kando ya bahari, ilikuwa na sheria moja tu, nyingine zote zilikuwa mapambo: mtoto akija mwembamba, aondoke mnene. Walipima siku ya kwanza, wakapima katikati, wakapima siku ya mwisho. Aliyeongeza kilo moja na nusu alipanda basi Jumamosi akarudi kwao. Aliyeshindwa alibaki wiki sita nyingine, akala uji mpaka mizani iridhike. Waliotunga sheria hiyo walikuwa mabwana wa Amsterdam wenye vitambi vyao, na sidhani kama hata mmoja wao alishawahi kupandishwa mizani akiwa na nguo za ndani tu mbele ya watu arobaini.

Fietje alikuwa na miaka tisa. Kwao ni Jordaan, mtaa wa maskini wa Amsterdam, watu saba kwenye chumba na nusu. Daktari wa shule alimpapasa mbavu, akatikisa kichwa, akaandika karatasi, na karatasi ile ndiyo iliyompeleka baharini. Mama yake, Neel, alifurahi kwa nusu saa hivi. Kisha akasikia habari ya mizani.

"Watakuona mifupa mitupu, waseme sikulishi," alisema, sindano mdomoni. "Mimi nifue nguo za mji mzima halafu nionekane mama wa hovyo? Hawanipati!"

Akatwaa risasi za pazia, vile vipande vizito vinavyoshonewa chini ili pazia lisipeperuke. Zilikuwa za mapazia ya bibi mmoja tajiri aliyemfulia. Akazishona zote kumi na mbili kwenye pindo la gagulo la Fietje.

"Zirudi hizo, za watu," alisema. "Na ole wako umwambie mtu. Nitauweka wapi uso wangu?"

Basi Fietje akapimwa na gagulo lake. Kilo ishirini na nne kamili! Sista Hillegonda, msimamizi wa nyumba, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alimtazama miguu, akatazama mizani, akaandika.

Kesho yake watoto walipelekwa matutani. Fietje hakuwahi kuona mchanga mwingi kiasi kile bila mtu kuuchota achanganye na saruji. Ukipanda tuta, unateremka kwa makalio. Ukifika chini, sungura wanakushangaa. Na nyuma ya tuta la mwisho kulikuwa na bahari, maji yasiyo na ukuta upande wa pili, yakipiga kelele peke yake kama yamegombana na mtu. Mama yake hajawahi kuiona hata siku moja, na hali ipo mwendo wa saa moja tu kwa treni. Jambo hilo lilimuuma Fietje. Aliapa kwamba akirudi atamsimulia yote, kuanzia sungura wa kwanza.

"We, mbona ukikimbia unagonga kama mlango?" aliuliza Dirkje, msichana wa Rotterdam aliyelala kitanda cha pili.

"Sigongi."

"Unagonga. Hebu lete pindo hilo."

Dirkje hakuwa mtu wa kufichwa kitu. Jioni ile risasi zilikuwa nje ya gagulo, na kabla wiki haijaisha zilikuwa mwishoni mwa kamba, pamoja na vipande vya nyama ya mafuta, zikiwavua kaa kwenye mawe ya ufukweni. Kaa walikuja kweli. Mawimbi nayo yalikuja, yakakata kamba moja moja, mpaka risasi ya kumi na mbili ikaenda.

Wiki ya tatu ikafika, na mizani nayo. Fietje alikuwa amepungua kilo moja.

Dirkje alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, umekula kama farasi, halafu umekonda!"

Fietje hakucheka. Hesabu ilikuwa imemwingia kichwani: mizani ilikuwa inamdai kilo moja na nusu, na juu yake uzito wa risasi. Akisema ukweli, mama yake ataaibika. Akinyamaza, atabaki wiki sita nyingine, na barua zenyewe za pale hazikuwa barua. Kila Jumapili waliandikiwa ubaoni, "Mimi mzima, chakula ni kizuri," watoto wote wakanakili. Bahari haikuwemo wala sungura. Naye alimkumbuka mama yake, akiwa palepale kwenye uzuri wote ule.

Akahamishiwa meza ya wembamba. Akala uji wake, akala wa Dirkje, akala hata ule utando wa maziwa ambao watoto wengine waliubandika chini ya meza. Vifungo vya gauni vikaanza kugoma. Mashavu yakawa mekundu. Lakini hakuamini kwamba uji unaweza kushindana na risasi kumi na mbili.

"Mchanga," alisema Dirkje asubuhi ya Ijumaa ya mwisho. "Tunao wa bure."

Zile chupi za miaka hiyo zilikuwa kubwa, zenye mpira kiunoni na mapajani. Walijaza mchanga mbichi, mwingi kwa sababu ya woga, na Fietje akaingia chumba cha kupimia akitembea kama bata aliyekosewa heshima. Akapanda mizani. Mshale ukapaa.

"Ishirini na nane," alisema Sista Hillegonda taratibu. "Makubwa."

Mpira wa paja la kushoto ukalegea. Mchanga ukaanza kumwagika, kwanza kidogo, kisha wote, ukajaa kwenye sahani ya mizani na juu ya viatu vya Sista. Kaa mdogo mmoja akatoka, akatazama huku na huku, akaelekea mlangoni. Nje, Dirkje alisikika akikohoa kwa kicheko.

Sista alifunga mlango. Akamkung'uta mtoto, akampima upya. "Ishirini na nne na gramu mia moja. Umeongeza gramu mia tu. Mama yako alitumia nini?"

"Sijui kitu, Sista."

"Sikuulizi. Nasema tu." Akavuta droo ya chini ya meza yake. Ndani mlikuwa na vijiko, funguo za milango, nusu ya pasi, kiatu cha farasi, na risasi za pazia tele. "Dobi wetu huzikuta kwenye mapindo. Kila mwaka. Nami nilipoletwa hapa mtoto, mama yangu alinishonea nyundo bila mpini. Ilinigonga magoti siku nzima. Haya, usiseme, elekeza macho tu."

Macho ya Fietje yalikwenda kwenye risasi.

"Ngapi? Fumba jicho mara hizo."

Akafumba mara kumi na mbili. Sista akazihesabu, akaziweka kwenye mizani: kilo moja na gramu mia sita. Akafunua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, akafuta uzito wa zamani, akaandika mwingine. Kisha akazitia zote kwenye soksi kuukuu, akafunga fundo.

"Mpe mwenyewe. Na huyo kaa mrudishe kwake."

Jumamosi basi lilisimama Amsterdam, kina mama wamejaa kando ya barabara. Neel alimwona bintiye mlangoni, akanyoosha mikono amteremshe kama alivyozoea, bila kutumia nguvu. Mtoto hakunyanyuka. Akajaribu tena, akayumba, wote wawili nusura waanguke.

Neel alikunja uso. Akapiga magoti palepale mbele za watu, akaanza kupapasa pindo la gagulo, mbele, nyuma, pembeni. Halikuwa na kitu.

"Risasi zangu umeziweka wapi?" alinong'ona.

"Kwenye soksi, Mama. Kwenye mzigo ule."

Mzigo ulikuwa chini, mita tatu kutoka kwao. Neel aliutazama, akamtazama mtoto, mikono yake bado imeshika pindo tupu.

"Sasa huu uzito wote wa nani?"

"Wangu," alisema Fietje. "Mama, kaa vizuri nikwambie. Kulikuwa na sungura."