Mkeka wa Iutita Warudi Kwao

"Funga mkeka wako, Vaelupe! Umepita tena kwenye magimbi yangu, umeyalaza chini yote!"

"Uliuona?"

"Niliuona kwa macho haya haya. Ukapita zake, hata hodi haukupiga."

"Basi ulikuwa na haraka. Na hayo magimbi yako, Fuatino, yamelala tangu Pasaka. Mkeka wenye jina haufungwi kamba kama nguruwe."

Walikuwa wakibishana hivyo, kila mmoja upande wake wa ua, na kwa kuwa nyumba za kisiwa cha Savai'i hazina kuta, majirani walikuwa wameshaacha kazi zao kusikiliza. Fuatino alikuwa na haki kidogo. Mkeka ulikuwa umekuja Alhamisi kutoka kijiji cha wakwe, ukitembea kwa pembe zake, na tangu hapo hautulii mahali. Njiani, baragumu la sala ya jioni lilipopulizwa, ulijikunja kando ya barabara kama watu wote, ukangoja mpaka likapulizwa tena, ndipo ukaendelea. Vijana wanaosimamisha wapita njia saa ya sala walisema hawakuwa na sababu ya kuukamata.

Ulikuwa mkeka wa harusi wa Iutita, binti yake Vaelupe. Aliusuka mwenyewe kwa miaka, kwa majani ya mkadi yaliyochanwa membamba hadi mkeka ukawa laini kama hariri, na pindoni akautia manyoya mekundu. Siku ya harusi ulikunjuliwa, jina la mkeka likatangazwa, watu wakashangilia, ukapelekwa kwa mume, Pesamino. Iutita akapelekwa nyuma yake.

Kurudi pia alikuja nyuma yake. Alishuka kwenye basi Jumamosi na kikapu kimoja, jino moja la mbele halipo. Watu wakamlaki na kumuuliza kama mkeka uliondoka kwa hasira au kwa amani.

"Mimi sirudi kule," alimwambia kaka yake Saunoa, ambaye ndiye chifu wa ukoo. "Nasuka mikeka mimi, Pesamino anagawa misibani kwa jina lake, na jioni ananishukuru kwa ngumi. Nipe nyumba ya bibi, iko tupu. Nitasuka vyangu, nitakula vyangu, sitamsumbua mtu."

Saunoa alijikuna shingo. "Haiko tupu, dada. Tumeuweka mkeka humo."

"Yaani mkeka una nyumba, mimi sina?"

"Mkeka haukula kiapo kanisani."

Hata Fuatino, ambaye hubishia mpaka mahubiri, aliinamia magimbi yake.

Lililomnyima Saunoa raha lilikuwa jingine. Mkeka uliopokelewa harusini ukirudi kwa walioutoa, ni tusi kwa wakwe mbele ya dunia nzima, na tusi la namna hiyo lina njia moja tu ya kuombewa radhi. Wenye makosa huenda asubuhi na mapema, wakapiga magoti uwanjani kwa waliotukanwa, wamejifunika mkeka bora walio nao, wakakaa hivyo juani mpaka wafunuliwe na kukaribishwa ndani. Mkeka bora waliokuwa nao ulikuwa ule ule.

"Mtawaomba radhi kwa mkeka uliowakimbia?" Fuatino aliuliza kutoka kwake.

"Una mwingine utuazime?" Vaelupe akamjibu.

Fuatino hakuwa nao. Akachangia magimbi ya safari, yale yale yaliyolala.

Jumatatu jua lilipochomoza, Saunoa na Iutita walikuwa wameshapiga magoti mbele ya nyumba ya Pesamino, wamefunikwa.

"Wakitufunua, wewe ingia kimya kimya," Saunoa alinong'ona.

"Na wewe?"

"Mimi nina kikao nyumbani."

Jua lilipopanda, mkeka uliteleza ukaanguka. Saunoa akaurudisha juu yao. Ukateleza tena, na safari hii ukavuka uwanja, ukapanda ngazi, ukamfunika gubigubi Pesamino aliyekuwa amesimama pale juu na kikombe chake cha kakao. Pesamino akapiga magoti, kwa sababu mtu akishafunikwa mkeka hupiga magoti.

Wazee wa kijiji wakakaa kikao hapo hapo. Maana haikuwa na utata: aliye chini ya mkeka ndiye mkosaji. Mmoja akasema habari ya jino hata haikuwa siri, kwani ngumi zilikuwa zikisikika hadi dukani. Wengine wakasema ni kweli, zilisikika.

"Basi mkosaji ameomba radhi, tena vizuri," akasema mkubwa wao. "Iutita, mwanangu, mfunue mumeo."

"Nisipomfunua?"

"Atapigwa na jua, ana presha huyo. Akianguka, mkosaji ni wewe, na kaka yako atarudi hapa kupiga magoti. Mna mkeka mwingine?"

Iutita akamtazama Saunoa. Saunoa alikuwa akifuta vumbi magotini.

Iutita akapanda ngazi, akashika pindo lenye manyoya, akamfunua. Pesamino akatokea amelowa jasho. Akasema asante, akaulizia kikombe chake.

Mkeka ukajikunja, ukateremka ngazi, ukashika njia ya kwao. Watoto walitaka kuukimbilia, wazee wakawakataza. "Uacheni," wakasema. "Ule umeshaamua."

Iutita naye akateremka, akaanza kuufuata. Alikuwa ameshafika barabarani mama mkwe wake alipotokea jikoni, mwiko mkononi.

"Wee! Unakwenda wapi? Umeshasamehe, sasa ni kula," alimwita kwa sauti ya upendo. "Shelisheli zimeiva, tui liko moto. Rudi, mwanangu, ingia ndani ule. Ila anza kuwapakulia wazee."