Mkono wa Mama Ulivyopima

Mama alikuwa mwokaji mikate, na mkono wake ndio uliokuwa mzani wetu. Alikata donge la unga, akalipima kiganjani, akalitupa mezani, basi. Wateja walipoanza kulalamika kwamba mikate imekonda, niliwajia juu. Niliwaambia labda matumbo yao ndiyo yaliyonenepa.

Mwanangu wa kwanza alikuwa bado mchanga. Kila Jumapili Mama alimwinua kwa vidole, akacheka. "Mume wangu huyu! Ameongezeka, atanivunja mikono." Mimi niliona mapaja yamelegea, tena alilala mno, lakini nani angebishana na mkono ule? Nikaacha kumpeleka kliniki. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, na mtoto ndiye aliyeumia.

Asubuhi moja nilimkuta Mama anatoa trei kwenye tanuri bila kitambaa, huku akinisimulia habari za jirani.

"Mama, unaungua!"

Akatazama vidole vyake. "Ala! Wala sikuhisi."

"Tangu lini?"

"Ni huu ugonjwa wa sukari, mwanangu. Vina ganzi siku nyingi. Sikutaka kuwatia hofu."

Nilimmwagia maji baridi. Kisha nikampa donge alilokuwa amelikata. "Hili likoje?"

"Zito. Nilitaka hata kulipunguza."

Nikaliweka kwenye mzani uliokuwa umejaa vumbi rafuni. Lilipungua karibu robo ya uzito uliotakiwa. Tukatazamana, na Mama ndiye aliyetamka kwanza.

"Mtoto!"

Hospitalini muuguzi alitupokea kwa utani, lakini alipompima mtoto akauacha. Mtoto alilazwa papo hapo, mpira wa kumlishia ukapitishwa puani. Daktari alitueleza kwamba vidole vikifa ganzi, mkono hukaza kupita kiasi, na kitu chepesi huonekana kizito. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikakosa.

Jioni Mama aliomba kumbeba. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji. Nilimweka mjukuu wake mikononi mwake taratibu, nisivute mpira. Akatazama uso uliosinyaa na mbavu zilizotokeza, machozi yakamtoka.

"Naona kwa macho yangu alivyokwisha," alisema. "Lakini mwanangu, nisikufiche. Hata sasa mikononi ni mzito. Mzito kuliko ulivyokuwa wewe."