Bwana Takataka

Mchoraji alimchora mjomba wake kwa dakika kumi tu, chai ikipoa mezani. Alikuwa ametakiwa alete mhusika mpya wa kipindi cha katuni: mhakiki wa filamu asiyependa chochote. Akachora korongo mwenye shingo ndefu, skafu ya sufu, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtayarishaji alicheka akishika mbavu, akampa korongo jina papo hapo: Bwana Takataka. Kila wiki Bwana Takataka aliangalia filamu kwa nusu dakika, akakohoa, akasema, "Takataka. Washeni taa, nijiendee zangu." Haikupita miezi mitatu, maneno hayo yakawa midomoni mwa kila mtu.

Skafu ilikuwa ya mjomba. Miwani ya mjomba. Hata kikohozi. Mjomba ndiye aliyemlea mchoraji tangu mama yake alipofariki, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia, alikwenda naye ukumbi wa sinema, akamkalisha kando yake huku akiandika gizani bila kuitazama karatasi. Aliandikia gazeti moja miaka thelathini na moja. Ni kweli, kalamu yake ilikuwa wembe. Lakini filamu nzuri ilimliza, na akitoka nje alisingizia vumbi.

Televisheni hakuwa nayo, ila habari zilimfuata. Kinyozi alimsalimia kwa "takataka" na wateja wakaangua kicheko. Kisha mhariri akamwita, akamweleza kwa upole kwamba siku hizi wasomaji hawawezi kumsoma bila kumwona korongo. Nafasi yake gazetini ikajazwa nyota za kupima filamu, ambazo watu huzipigia kura kwa simu.

Mchoraji alikwenda kwake siku hiyo hiyo, akamkuta anapiga pasi.

"Mjomba, yule korongo nimemchora mimi."

"Najua. Nani mwingine anaujua huu uzi wa miwani?" Akaigeuza kola. "Umechora vizuri. Shingo tu umeizidisha." Pasi ikaenda na kurudi. "Lakini mpwa wangu, miaka yote ile uliyokaa pembeni yangu, uliniona nachukia?"

Mchoraji alitaka kusema hapana. Badala yake akalichukua shati lililokwisha kupigwa pasi, akalikunja.

Wiki iliyofuata mtayarishaji alipata wazo: mhakiki wa kweli aje studio amtolee korongo sauti, japo kwa kipindi kimoja. Mchoraji alikataa katakata. Mtayarishaji akampigia mjomba mwenyewe, na mjomba akakubali.

"Kwa nini, mjomba?"

"Tangu gazeti liniache, hao tu ndio walionipigia."

Alikuja amevaa suti, viatu vinang'aa, na daftari mfukoni. Alikuwa ameandika ukurasa mzima wa maneno ambayo korongo angeweza kusema kuhusu filamu anayoipenda, ingawa hakuna aliyemwomba. Mtayarishaji aliupokea ukurasa, akashukuru, akauweka juu ya spika bila kuusoma. Wakamvika vipokea sauti masikioni, wakamweka mbele ya maikrofoni.

"Takataka. Washeni taa, nijiendee zangu," alisema mjomba.

"Tena, mzee wetu. Kwa dharau zaidi."

Alirudia. Akarudia tena. Mara ya kumi na nne sauti ilianza kukwaruza, na kikohozi kikamjia, kile cha kweli, kikamwinamisha. Fundi mitambo akatikisa kichwa nyuma ya kioo.

"Hata kikohozi hakifanani," fundi alimnong'oneza mtayarishaji, akisahau kwamba maikrofoni yake i wazi na mjomba anasikia kila kitu. "Huyu siye. Turudi kwa yule mwigizaji wetu wa kila wiki."

Mjomba alivivua vile vipokea sauti taratibu, akavining'iniza mahali pake. "Samahanini," alisema. "Nimewapotezea muda."

Mchoraji alimshika mkono hadi nje. Kwenye ngazi alimwambia, "Hukuchukia, mjomba. Ulipenda kuliko sisi sote."

"Ungelichora hilo," alisema mjomba. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mchoraji zaidi.

Alijaribu. Alichora onyesho moja ambamo korongo analia ukumbini, peke yake. Mtayarishaji alilikata, alisema watu hawatacheka.

Mjomba hakukanyaga tena ukumbi wa sinema. Alifariki mwaka uliofuata, msimu wa tatu wa kipindi ukiendelea. Mchoraji alipewa ruhusa ya siku tatu. Siku ya nne alirudi mezani, akachonga penseli, akaanza na shingo.